Mguu wa Bosi Juu ya Stuli

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la jirani, sauti ya Kengele ilikuwa imekwisha kuizunguka nyumba mara tatu. Ilimwamsha mdogo wake, ikaulizia soksi, ikamjulisha mama wa nyumba ya pili kwamba maji ya bomba yametoka. Ndiyo maana watu walimwita Kengele. Alikuwa na jina lake kamili kwenye orodha ya darasa la sita, lakini hata mwalimu mkuu alikuwa ameshalisahau.

Baada ya chai na mkate, Kengele alimsindikiza mama yake hadi njia panda. Hapo mama alishika njia ya kwenda kwenye karakana ya kushona nguo, ambako alikuwa fundi mkataji, na Kengele akashika njia ya shule. Kutoka nyumbani hadi njia panda walikuwa wakizungumza, au tuseme Kengele alizungumza na mama akawa anasema "enhe".

Jumatatu moja alipofika shuleni alikuta madawati yote yamesukumwa ukutani. Mwalimu wa stadi za biashara alikuwa amesimama katikati ya darasa, kopo tupu la chaki mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyeonekana popote bila daftari jeusi kwapani, na wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Daftari. Alilijua jina hilo na halikumsumbua.

Mwalimu Daftari aliwakumbusha kwamba muhula mzima uliopita walikuwa wameandika maana ya meneja, maana ya mkaguzi na maana ya mteja, wakapata alama nzuri. Lakini mtu anaweza kuandika maana ya kuogelea vizuri sana, kisha akazama. Kwa hiyo, kwa wiki mbili, darasa lingekuwa kampuni. Mteja alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Alikuwa ameagiza vifutio vya ubao thelathini, viwe tayari kabla ya mkutano wa wazazi, Jumamosi ya wiki ya pili. Vikimridhisha, darasa la sita lingepewa ile stoo ya zamani nyuma ya maktaba iwe chumba cha kampuni yao mwaka mzima. Visipomridhisha, stoo ingerudishiwa madawati yaliyovunjika miguu.

Stoo ile ilikuwa na dirisha, rafu, na mlango wenye kufuli. Hakukuwa na mtoto wa darasa la sita ambaye hakuitamani.

Karatasi zilizokunjwa zilikuwa ndani ya lile kopo, kila moja ikiwa na kazi yake. Msichana mdogo mwenye miwani, aliyeitwa Swali kwa sababu hakuna somo lililokwisha bila yeye kuuliza kitu, aliokota ukaguzi wa ubora. Mvulana mnene aliyeitwa Godoro, laini wa mwili na laini wa tabia, asiyeweza kumkatalia mtu jambo lolote, aliokota usimamizi wa ushonaji. Kengele alifungua karatasi yake, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwa mpishi wa shule. Ilikuwa imeandikwa MENEJA.

Swali alinyoosha mkono. Alitaka kujua watafundishwa lini namna ya kuzifanya kazi hizo.

"Kazi yenyewe itawafundisha," alisema Mwalimu Daftari. "Mimi nitatazama tu."

Kengele hakuhitaji kufundishwa. Likizo iliyopita alikuwa amempelekea mama yake miwani aliyoisahau nyumbani, na pale karakana alimwona meneja kwa macho yake, kupitia mlango wa kioo. Alikuwa mama mmoja ameketi kwenye kiti kipana, simu sikioni, na mguu wake mmoja umepumzika juu ya stuli yenye mto. Mafundi waliingia mmoja mmoja, wakainama, wakasema jambo kwa sauti ya chini, wakatoka. Kengele alikuwa amesimama pale dakika nzima mdomo wazi. Kumbe umeneja ndio huo.

Basi siku ya Jumanne alifika shuleni amevaa koti la baba yake, ambalo mikono yake ilipita vidole na kuendelea na safari. Aliazima kiti chenye mikono kutoka chumba cha walimu na stuli kutoka maktaba. Mto alikuja nao kutoka nyumbani. Aliketi nyuma ya dawati lililowekwa pembeni, akainua mguu wa kulia, akauweka juu ya stuli, na kampuni ikaanza. Kwa bahati mbaya pipa la taka lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo kila aliyetaka kutupa uzi alilazimika kuomba miadi.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amekuja pia na vitambaa. Jana yake mama alikuwa ametenga mifuko miwili ya mabaki kutoka karakana, mmoja wa kijani na mmoja mweusi, akamwambia, mikono ikiwa imejaa povu la sabuni, achukue ule wa kijani. Kengele alichungulia. Wa kijani ulikuwa na vipande vizito vya pamba vilivyofifia rangi. Ule mweusi ulikuwa na kitambaa cha manjano, laini, kinachong'aa, kilichobaki mafundi waliposhona makoti ya mvua. Alijiuliza ni upi unaofaa kampuni ambayo yeye ndiye meneja wake, na hakuchukua muda kujijibu.

Kazi ilianza kwa nguvu. Watoto walikata, wakajaza sponji ndani, wakashona. Vifutio vilitoka vya manjano, vinang'aa kama vipepeo.

Jumatano Swali alichukua kifutio kimoja, akaenda nacho ubaoni, akaandika neno na kulifuta. Kisha akaliandika tena na kulifuta tena. Alirudi akasimama mbele ya dawati la meneja.

"Bosi, hiki hakifuti."

"Una miadi?" Kengele aliuliza bila kushusha mguu.

Swali alisema hakuwa na miadi ila alikuwa na kifutio, na kwamba ubao ulikuwa hatua sita tu kutoka pale, kwa hiyo Bosi angeweza kusimama akaone mwenyewe. Kengele alihisi masikio yakiwaka moto. Yule meneja wa karakana hakusimama hata mara moja, na hakuna fundi aliyemwambia asimame.

"Wenzako wanafanya kazi, wewe unawavunja moyo," alisema. "Kuanzia leo uko idara ya usafi."

Swali alitazama ufagio uliokuwa kwenye kona. Aliuliza kama sakafu nayo inahitaji ukaguzi wa ubora au afagie tu. Hakujibiwa, akaanza kufagia.

Mchana huo Kengele alibandika tangazo mlangoni: HABARI MBAYA ZIBAKI NJE. Tangu hapo kila aliyemkaribia alikuja na tabasamu. Godoro alikuwa bingwa wao. Mkasi ulipokuwa butu alisema mambo ni safi. Uzi ulipokwisha alisema mambo ni safi sana. Siku sponji ilipofumuka na kumwagika sakafuni, alisimama mbele yake ili isionekane, akasema hakumbuki mambo kuwahi kuwa safi kiasi hicho.

Kila siku, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, Mwalimu Daftari alipita kwenye dawati la meneja na kuuliza swali lilelile.

"Meneja, leo umeona nini?"

"Nimeambiwa kazi inakwenda vizuri, Mwalimu."

Mwalimu aliandika jambo kwenye daftari lake na kuondoka. Kengele alidhani anaandika sifa.

Alhamisi ya wiki ya pili mwalimu mkuu aliingia darasani kuonja mzigo wake kabla ya mkutano. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na alilipenda sana koti lake la bluu iliyokolea, alilolipiga brashi kila asubuhi kwenye dirisha la ofisi. Alikichukua kifutio cha kwanza juu ya rundo, akakisifu kwa kung'aa kwake, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa KARIBUNI WAZAZI WETU. Kisha akafuta.

Alifuta kutoka kushoto kwenda kulia, na chaki nayo ikasafiri kutoka kushoto kwenda kulia. Alirudi kulia kwenda kushoto, nayo ikarudi naye. Wazazi waligeuka wingu. Alipokibonyeza kwa nguvu, kifutio kiliteleza kama sabuni bafuni, kikamponyoka, na kiwiko chake kikamaliza kazi iliyokishinda kifutio. Ubao ulisafika palepale. Koti likawa na mchoro mweupe kama ramani.

Mwalimu mkuu alikitazama kiwiko chake. Kisha akauliza, polepole, msimamizi wa kampuni ni nani.

Macho yote yaligeukia kwenye stuli. Mguu wa Kengele ulikuwa bado uko juu yake. Aliushusha kwa haraka hadi mto ukaanguka na kubingirika mpaka kwenye viatu vya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakukemea. Alisema tu kwamba anahitaji vifutio thelathini vinavyofuta, kesho saa tisa alasiri, la sivyo fundi wa madawati ataanza kuhamishia vitu vyake stoo. Akatoka ameukunja mkono ili asipake chaki mahali pengine.

Kengele aliwageukia wenzake. Alitaka kujua ni nani alijua kwamba vifutio havifuti. Mikono ilianza kunyooka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa msitu.

"Godoro, hata wewe?"

"Tangu Jumatano ya kwanza," Godoro alisema, akiangalia sakafu. "Ulisema habari mbaya zibaki nje, Bosi. Basi zikabaki nje."

Kengele hakuwa na la kusema, na wenzake walishangaa, kwa sababu jambo hilo halikuwahi kutokea.

Jioni alimkuta mama yake uani akianua nguo. Alimsimulia yote: kifutio, koti la mwalimu mkuu, stoo inayoponyoka. Alieleza pia kwamba haelewi alipokosea, maana alifanya kila kitu kama meneja wa karakana anavyofanya, kuanzia kiti hadi mguu.

"Mguu gani?" mama aliuliza.

Kengele akamkumbusha siku ile ya miwani, na stuli, na mto, na mafundi walioingia wameinama. Mama alianza kucheka taratibu. Kicheko kikakua, akashindwa kusimama, akaketi juu ya beseni la nguo safi.

"Mwanangu, yule mama alikuwa ameteguka kifundo," alisema alipopata pumzi. "Alianguka kwenye ngazi za stoo akienda kuangalia nyuzi mwenyewe. Daktari alimkataza kusimama siku nne, na wewe ulimkuta siku ya pili."

"Na wale mafundi walioinama?"

"Walikuwa wakimpa pole."

Kengele alikaa chini, palepale kwenye saruji. Mama aliendelea kukunja nguo, akimweleza kwamba siku nyingine zote kile kiti kipana ni mahali pa mafundi kuwekea mikoba. Meneja mwenyewe huzunguka na tepu ya kupimia shingoni, meza hadi meza, na kila meza huiuliza swali moja tu: leo kimekwama nini? Anayemwambia hushukuriwa. Anayemficha ndiye anayekiona cha mtema kuni.

Kisha mama aliingia ndani, akatoka na ule mfuko wa kijani. Alimpa, akamtazama kwa jicho lililosema yote.

"Ulikuwa haung'ai, mama," Kengele alijitetea kwa sauti ndogo.

"Enhe," mama akasema.

Ijumaa, kabla wengine hawajafika, Kengele alikiburuta kiti hadi chumba cha walimu. Mwalimu Daftari alikuwa akinywa chai. Alimuuliza kama leo haketi. Kengele alisema leo hakuna nafasi. Mwalimu akafungua daftari, akaandika.

Alirudi akang'oa tangazo mlangoni. Ndani Swali alikuwa tayari ameshika ufagio, akifagia chini ya madawati kwa uangalifu wa mkaguzi. Kengele alisimama mbele yake, mikono ya koti ikining'inia.

"Uliniambia ukweli nikakupa ufagio. Nisamehe, dada." Akaisukuma stuli pembeni kwa mguu. "Leo kimekwama nini?"

Swali aliuegemeza ufagio ukutani, akafuta miwani yake kwa pindo la sketi, akamuuliza kama ana muda, kwa sababu mambo ni saba. Alikuwa ameyahesabu huku anafagia. Meza mbili zilikuwa zinagombea mkasi mmoja, tena butu. Uzi ulikuwa umekwisha tangu Jumanne na watu walikuwa wanafumua soksi zao. Aliendelea hivyo mpaka la saba, na Kengele aliyasikiliza yote bila kukatiza, huku darasa likimwangalia kama watu wanaoangalia jua linapatwa.

La saba lilikuwa kitambaa chenyewe. Kengele alisema wafumue vyote waanze upya. Swali alitikisa kichwa, muda haukutosha. Kitambaa cha makoti ya mvua hakishiki vumbi, alisema, kwa hiyo kiachwe kibaki upande wa juu, pale mkono unaposhika, na cha pamba kishonwe upande wa chini tu. Ubao utasafika na mkono hautashika chaki.

Kengele alimtazama. Jibu hili lilikuwa limekaa siku nane kwenye idara ya usafi.

Wakaazima uzi na mikasi mikali kwa walimu, wakagawana kazi upya. Meneja naye alichukua sindano, na kifutio chake cha kwanza alikishona vizuri sana, isipokuwa alikishona pamoja na mkono wa koti la baba. Ilibidi Godoro amfumue. Koti likatundikwa msumarini, na kuanzia hapo Kengele alizunguka meza hadi meza amekunja mikono ya shati, akiuliza swali lake. Godoro alipoulizwa alifungua mdomo kusema mambo ni safi, akasita, akasema kwa aibu kwamba vidole vinamuuma na meza yake iko nyuma. Wakamwongezea mtu mmoja.

Saa tisa kasoro dakika tano vifutio vilikuwa ishirini na saba. Vitatu vilikuwa bado vya manjano pande zote mbili. Godoro alinong'ona kwamba wangeweza kuviweka chini kabisa ya boksi. Mwalimu mkuu angejaribu cha juu, kama jana, na stoo ingekuwa yao. Jumatatu wangejua la kufanya.

Kengele aliiona stoo machoni pake, dirisha na rafu na kufuli. Alimtazama Swali. Swali alingoja tu, kama mtu anayetaka kujua kama ufagio bado unamhusu.

Kengele aliviondoa vile vitatu, akalibeba boksi hadi ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amelivua koti na kulitundika mbali.

"Mwalimu, nina habari mbaya," alisema, kwa sauti ya chini kuliko zote alizowahi kutoa. "Ni ishirini na saba. Vitatu bado. Na kosa si la washonaji. Mkaguzi aliniambia tangu siku ya tatu, mimi sikutaka kusikia."

Mwalimu mkuu alichukua kifutio kutoka chini kabisa ya boksi. Kengele alilitazama jambo hilo, akashusha pumzi. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ubao mdogo wa ofisi, akafuta. Maneno yaliondoka kama hayakuwahi kuwepo. Akageuza kiganja chake, akakikagua. Kilikuwa safi. Akauliza ni nani alibuni upande huu wa juu.

"Mkaguzi wetu, Mwalimu. Tulikuwa tumempa kazi ya kufagia."

Mwalimu mkuu alikohoa kuficha kicheko. Alisema ishirini na saba vinatosha kwa mkutano wa kesho, vitatu vije Jumatatu asubuhi, na ufunguo wa stoo utakuja navyo.

Jumatatu saa nne darasa la sita lilikaa duara ndani ya stoo, vumbi likiwatoa machozi, kila mmoja akijifanya kwamba hakuna vumbi. Mwalimu Daftari alifungua daftari jeusi akawasomea. Kuanzia siku ya pili hadi ya nane, chini ya jina la meneja, alikuwa ameandika neno moja: ameambiwa. Siku ya tisa, vifutio vilipokataa, hakuandika kitu. Siku ya kumi aliandika: ameona.

"Ningeweza kuwaambia siku ya tatu kwamba vifutio vyenu havifuti," alisema. "Mngevirekebisha, na mngekuwa mmejifunza vifutio tu. Sasa mmejifunza watu. Kiongozi anayemfukuza msema kweli hafukuzi tatizo. Anabaki nalo, ila sasa haoni lilipo. Na wewe unayejua kosa ukanyamaza ili umfurahishe bosi, umeshiriki kulishona. Siku utakapopewa kazi yoyote, kubwa au ndogo, simama, zunguka, uliza, na umshukuru anayekujibu."

Kisha akatoa lile kopo la chaki, kwa sababu kampuni ilikuwa na mwaka mzima mbele yake na kazi zilipaswa kubadilishwa. Swali alipata ushonaji, akataka kujua mara moja kwa nini sindano zina ukubwa tofauti. Godoro alipata umeneja. Alishangilia, akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa karibu. Darasa zima likamgeukia kimya. Godoro akaruka juu kana kwamba kiti kilikuwa na misumari, akajikuna kichwa, akauliza:

"Jamani, leo kimekwama nini?"

Mkono mmoja ulinyooka pembeni. Ulikuwa wa Kengele, aliyeokota idara ya usafi.

"Ufagio umebaki mpini, Bosi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwa mpishi wa shule. "Na mimi sina miadi."